Shajara ya mradi: mafunzo ya kazi kwa wabunifu wanaojitegemea, Mombasa, 2025

12 Januari 2025: Kwa nini mradi huu

Nimechora na kusanifu kwa kujitegemea hapa Mombasa kwa miaka kumi na mmoja, na katika muda huo nimewaona wenzangu wenye mikono mizuri wakiiacha kazi hii mmoja baada ya mwingine. Wateja hawakuwapungukia. Kilichowashinda ni kwamba kila kazi waliyoimaliza iliwaachia pesa pungufu kuliko walizotumia kuifanya, na hakuna aliyewahi kuwakalisha chini akawaonyesha hesabu hiyo. Nimeamua kuandaa mafunzo mafupi yatakayoshughulikia bei, makubaliano, haki na kodi, na kuyaandikia shajara ili aliye Malindi, Kisumu au Tanga aweze kuyaiga. Nitaandika gharama zote na makosa yote.

Nimezungumza na watu tisa: wapiga picha za harusi wawili, mpakaji hina, mhariri wa video, mchoraji wa kanga, wasanifu wa nembo watatu na mwandishi wa mabango. Niliwauliza wote swali moja: ungependa kujifunza nini? Karibu wote walitaja programu mpya za kompyuta, kamera, na namna ya kuongeza wafuasi mitandaoni. Nimeyaandika majibu hayo na kuyatumia kuchagua mada nane.

3 Februari 2025: Maandalizi ya awamu ya kwanza

Ukumbi umepatikana karibu na Makadara kwa shilingi 1,500 kila jioni. Vipindi ni vinane, Jumatatu na Alhamisi, kuanzia tarehe 10 Februari hadi tarehe 6 Machi, saa kumi na mbili hadi saa mbili usiku. Mafunzo ni ya bure, kwa kuwa nilitaka asiachwe mtu kwa kukosa ada. Kitini kina kurasa arubaini na mbili. Waliojiandikisha ni kumi na wanne.

9 Machi 2025: Awamu ya kwanza imeshindwa

Kati ya kumi na wanne walioanza, watano tu ndio waliofika mwisho, na katika hao watano hakuna hata mmoja aliyebadilisha bei yake wala aliyemtumia mteja makubaliano ya maandishi. Nilitumia shilingi 12,000 kwa ukumbi, 7,200 kwa chai na mahamri, 4,900 kwa kuchapisha vitini na 2,000 kwa matangazo, jumla shilingi 26,100, zote kutoka mfukoni mwangu.

Kosa la kwanza lilikuwa la kalenda, na sina udhuru, kwa kuwa mimi ni mtu wa hapa hapa. Februari yote ilikuwa mwezi wa Shaabani, wakati ambao familia nyingi huwahi kufanya harusi kabla ya mfungo, kwa hiyo wapiga picha, mpakaji hina na mhariri wa video walikuwa na kazi karibu kila jioni. Kisha Ramadhani ikaanza tarehe 2 Machi, na vipindi viwili vya mwisho vikaangukia saa ya futari na tarawehe. Nilijua tarehe hizo nilipopanga, ila nilidhani wiki moja ya mwisho ingevumilika. Mtu anayejitegemea hawezi kuiacha kazi ya kulipwa ili aende darasani, na kumwita darasani katika msimu wake wa mapato ni kumtaka achague kati ya somo na kodi ya nyumba.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi, nalo lilihusu namna nilivyoyapanga mafunzo yenyewe. Niliyajenga juu ya mada. Jumatatu nilifundisha thamani ya ubunifu, Alhamisi nikafundisha bei, wiki iliyofuata mkataba, na kila mara washiriki walisikiliza, wakanukuu, wakakubaliana nami, kisha wakarudi kazini na kutoza bei ile ile ya jana. Fomu za maoni zilijaa sifa. Wanaopima mafunzo hutofautisha kati ya mshiriki kuyapenda, kuyaelewa, kuyatumia kazini, na matokeo kuonekana katika maisha yake. Mimi nilikuwa nimepima lile la kwanza peke yake, nikaridhika.

8 Aprili 2025: Kuwarudia walioondoka

Baada ya Idi niliwatafuta wale tisa walioacha, nikawapata saba. Safari hii sikuwauliza wanataka kujifunza nini. Nilimwomba kila mmoja anionyeshe kazi ya mwisho aliyolipwa, tuipitie kwenye simu yake tangu ujumbe wa kwanza wa mteja hadi siku pesa ilipoingia. Ningekuwa nimeanza na ombi hili mwezi wa Januari, ningeokoa miezi mitatu.

Mpiga picha mmoja alinionyesha kazi ya harusi aliyoifanya kwa shilingi 15,000, bei aliyoiona nzuri kwa siku moja. Tulihesabu pamoja: nusu siku ya kukutana na familia na kuutembelea ukumbi, siku nzima ya harusi, na siku tatu za kuchagua na kusafisha picha. Zilikuwa siku nne na nusu, kwa hiyo alilipwa kama shilingi 3,300 kwa siku, kabla ya kutoa nauli na mkopo wa kamera.

Mchoraji wa kanga alinionyesha mchoro mmoja, pindo na mji, pamoja na jina alilolitunga mwenyewe, aliouuza mara moja kwa shilingi 3,000. Kanga ile ilichapishwa tena mwaka uliofuata, na mwaka uliofuata huo, naye hakuongezewa hata senti. Hakuwa na karatasi wala ujumbe uliosema alichouza ni kitu gani. Mtu yeyote anayeijua biashara ya kanga mjini humu ataelewa kwa nini nililala nikiifikiria kazi hiyo.

Mhariri wa video alinionyesha marekebisho kumi na moja ya tangazo la sekunde thelathini. Bei ilikuwa ya haki. Kilichomwibia ni yale marekebisho tisa ya ziada, ambayo hakuna aliyekuwa ameyawekea mpaka.

Katika mazungumzo saba sikukuta hata mara moja ambapo kukosa programu mpya ndiko kulikomnyima mtu pesa. Hasara zilitokea mahali pale pale: kwenye jibu la kwanza la bei, kwenye jambo ambalo halikuandikwa, na kwenye malipo ya mwisho yaliyocheleweshwa huku kazi ikiwa imeshakabidhiwa.

22 Aprili 2025: Mpango mpya

Nimezifuta mada zote nane, na sasa mafunzo yatajengwa juu ya kazi moja halisi ya kila mshiriki. Sharti la kujiunga ni kuja na kazi ambayo mteja ameshaiulizia lakini bado haijakubaliwa bei, na kila kipindi kitaisogeza kazi hiyo hatua moja. Atakayemaliza atatoka na vitu vitatu mkononi: hesabu ya bei ya siku yake, makubaliano yaliyotiwa saini na mteja, na ankara iliyotumwa. Kila nilichotaka kukifundisha nilikipima kwa kujiuliza kinasaidia kipi katika hivyo vitatu, na kama hakikusaidia nilikitoa, hata kile kipindi cha historia ya usanifu nilichokipenda sana. Kitini kimeshuka kutoka kurasa arubaini na mbili hadi kurasa sita.

Vipindi ni sita, Jumanne saa tatu asubuhi hadi saa sita, kwa sababu Jumanne asubuhi ndiyo siku ambayo karibu kila niliyemuuliza hana kazi. Vipindi vitatu vitafanyika tarehe 6, 13 na 20 Mei. Kisha kutakuwa na mapumziko ya wiki mbili, yatakayompa mshiriki muda wa kuzungumza na mteja wake na kutuondoa katika siku za karibu na Idi ya kuchinja, halafu vitatu vya mwisho tarehe 10, 17 na 24 Juni.

Ada ni shilingi 2,500, na shilingi 1,000 kati yake hurudishwa kwa anayeleta vile vitu vitatu. Nilisita sana kuhusu ada, lakini wawili kati ya walioacha waliniambia waziwazi kwamba kitu cha bure ndicho cha kwanza kuahirishwa kazi inapotokea. Waliojiandikisha ni kumi na wawili.

13 Mei 2025: Bei ya siku, na namna ya kuitamka

Kipindi cha kwanza kilikuwa cha hesabu. Hii hapa ni hesabu ya yule mpiga picha, ambaye amekubali niitumie. Nyumba yake inahitaji shilingi 54,000 kwa mwezi. Kazi inahitaji 18,000: kamera ya shilingi 180,000 aliyoigawa kwa miezi thelathini na sita inakula 5,000, intaneti 4,000, nauli 6,000, umeme na matengenezo 3,000. Akiba na kodi ni 12,000. Jumla ni 84,000. Wengi waliigawa jumla yao kwa siku ishirini na mbili za kazi, na hapo ndipo palipo na mtego, kwa kuwa siku za kutafuta wateja, kuandika makadirio na kufuatilia madeni hakuna anayezilipia. Tulipohesabu siku alizolipwa kweli katika miezi mitatu iliyopita, wastani ulikuwa kumi na mbili. Bei yake ya siku ni shilingi 7,000, na ile harusi ya siku nne na nusu ilistahili 31,500.

Hesabu ilieleweka kwa saa moja. Kutamka bei kulihitaji vipindi viwili. Wiki ya kwanza niliwaambia tu waseme bei kwa utulivu kisha wanyamaze, na leo kumi kati yao walikiri kwamba walipofika mbele ya mteja walipunguza bei kabla hata hawajaombwa. Basi leo tulifanya mazoezi ya wawili wawili, mmoja akiwa mteja, kwa maneno yale yale wanayoambiwa kila siku: "Punguza kidogo, nitakuletea wengine." "Wewe ni kijana wetu." "Nifanyie hii, nikutangaze." Kila mmoja alirudia mara sita, akibadilishana na mwenzake mwingine kila mara, na kufikia mara ya nne sauti zilikuwa zimebadilika.

Lililotushinda kwa muda mrefu ni jamaa. Mpakaji hina alieleza kwamba mama wa bi harusi akimwambia, "Mwanangu, wewe si mgeni kwetu," hawezi kumjibu kwa hesabu, na mimi sikutaka kumfundisha ukavu ambao haumo katika malezi yetu. Tulichokubaliana ni hiki: aitoe ankara yenye bei kamili, na chini yake aandike mstari wa pili, "mchango wangu kwa harusi", wenye kiasi anachokiacha kwa hiari yake. Familia huona thamani ya kazi pamoja na ukubwa wa zawadi, na mgeni aliyepo hasikii bei ya jamaa akadhani ndiyo bei ya soko. Jibu alilolifanyia mazoezi lilikuwa, "Sawa mama, harusi hii ni yetu sote. Nitakuandikia bei yote, kisha uone mchango wangu."

20 Mei 2025: Kosa langu la kisheria

Hili naliandika kwa urefu kwa sababu niliwafundisha watu jambo lisilo sahihi.

Katika awamu ya kwanza nilisema, na nikaliandika kwenye kitini, kwamba hakimiliki hubaki kwa mbunifu mpaka atakapoiuza. Safari hii nilimlipa wakili shilingi 8,000 aipitie rasimu ya makubaliano kabla sijaigawa, naye akanirudisha kwenye Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kifungu cha 31. Kifungu hicho kinasema kazi ikiagizwa na mtu, hata asiye mwajiri wako, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa kama ninyi wawili mmekubaliana vingine. Yaani kwa kazi ya kuagizwa, ambayo ndiyo karibu kazi yetu yote, ukimya humpa mteja haki. Nilikuwa nimewafundisha watu kulitegemea jambo ambalo sheria imelipanga kinyume chake.

Siku hiyo hiyo niliwapigia simu wale watano wa awamu ya kwanza nikawaeleza. Mmoja alikuwa ameshamjibu mteja kwa kauli niliyompa, na ilibidi nimsaidie kuandika ujumbe wa kurekebisha, jambo lililomwondolea heshima kidogo mbele ya mteja huyo. Somo la vitendo kwa atakayeiga mradi huu ni kwamba malipo ya wakili yawe ya kwanza katika bajeti. Mimi niliyaona kama anasa mwezi wa Februari. Na aliye nje ya Kenya aanze na sheria ya nchi yake, kwa kuwa kanuni hii hubadilika ukivuka mpaka.

Rasimu yenyewe pia ilikuwa na kasoro nyingine. Ilikuwa ya kurasa nne za Kiingereza cha mahakamani, na washiriki waliojaribu kuituma walisema wateja waliuliza kama kuna ugomvi. Tumeiandika upya kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, wenye mambo haya: kazi ni ipi na inakabidhiwa lini, marekebisho ni mawili na la tatu lina bei yake, nusu ya malipo hutangulia kama arubuni na salio hulipwa kabla ya faili za mwisho kutolewa, na hakimiliki inabaki kwa mbunifu huku mteja akipewa ruhusa ya kuitumia kazi kwa matumizi yaliyotajwa, mahali palipotajwa na kwa muda uliotajwa. Mchoraji wa kanga alibadilisha kipengele hicho cha mwisho ili ruhusa iwe ya uchapaji mmoja, na kila uchapaji unaofuata uwe na malipo yake.

10 Juni 2025: Kodi

Nilipanga saa moja, zikapita tatu, na sehemu kubwa ya muda huo tulikuwa tukitafuta nywila. Washiriki wanane walikuwa na namba ya mlipa kodi (PIN) lakini hawakukumbuka namna ya kuingia kwenye iTax, mfumo wa kodi wa mtandaoni wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA), na barua pepe walizosajilia zilikuwa za cyber zilizofungwa zamani. Atakayeandaa kipindi kama hiki awape kazi ya kuingia kwenye akaunti wiki mbili kabla, na kipindi chenyewe kianze na walioingia.

Kulikuwa na jambo moja lililofanya kipindi kistahili taabu yake. Msanifu mmoja wa nembo alikuwa amemwacha mteja mzuri, kampuni yenye kazi za mara kwa mara, akiamini amepunjwa asilimia 5 ya malipo yake. Pesa ile ilikuwa kodi ya zuio, ambayo mteja hutakiwa kuikata kwenye malipo ya huduma za kitaalamu yanapofikia shilingi 24,000 kwa mwezi na kuiwasilisha KRA kwa jina la aliyelipwa. Tulipoingia kwenye akaunti yake tulikuta vyeti vinne vya makato, na kiasi hicho kinahesabiwa kama kodi aliyokwisha kulipa atakapowasilisha taarifa yake ya mwaka, kabla ya kupita tarehe 30 Juni. Alimpigia mteja simu tukiwa bado ukumbini. Tulizungumzia pia ankara za eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, kwa kuwa tangu Januari 2024 kampuni haiwezi kuihesabu gharama ya kazi yako katika kodi yake bila ankara ya aina hiyo, na wengi walikuwa wakipoteza kazi za hoteli bila kujua sababu ni hiyo.

17 Juni 2025: Sampuli za kazi

Kipindi hiki kilikwenda bila taabu. Kila mmoja alipunguza sampuli zake hadi sita, na kila sampuli akaiandikia sentensi tatu: mteja alikuwa na shida gani, nilifanya nini, kilibadilika nini.

1 Julai 2025: Hesabu ya awamu ya pili

Kati ya kumi na wawili, kumi na mmoja walifika kipindi cha mwisho na tisa walileta vitu vyote vitatu. Wawili waliobaki wana hesabu ya bei na makubaliano, lakini wateja wao waliahirisha kazi.

Ada iliingiza shilingi 30,000, na baada ya kuwarudishia wale tisa zilibaki 21,000. Ukumbi ulikuwa 9,000, chai 4,800, vitini 1,440 na wakili 8,000, jumla 23,240. Upungufu ni shilingi 2,240, na hapo sijahesabu siku zangu kumi na saba za maandalizi na kufundisha. Siwezi kuwafundisha watu kuzihesabu siku wasizolipwa huku mimi nikiziacha zangu nje ya daftari, kwa hiyo awamu ijayo ada itakuwa shilingi 6,000, na nafasi mbili kati ya kumi na mbili zitakuwa za nusu bei kwa wanaoanza.

29 Septemba 2025: Miezi mitatu baadaye

Nimewapigia wote tisa na kuwaomba wanionyeshe kazi yao ya mwisho, kama nilivyofanya mwezi wa Aprili. Saba bado wanatumia makubaliano ya ukurasa mmoja. Wawili wameyaacha, na mmoja wao alinieleza kwamba wateja wake wote ni wa kazi za shilingi 1,500 za papo kwa papo, na ukurasa mzima humchelewesha. Ana haki. Tumemtengenezea ujumbe wa WhatsApp wa mistari minne wenye bei, arubuni, marekebisho na ruhusa ya matumizi, ambao mteja huujibu kwa neno "nakubali".

Mpiga picha amefanya harusi tano kwa bei kati ya shilingi 26,000 na 32,000, na amekosa tatu ambazo angezipata kwa bei ya zamani. Mapato yake kwa mwezi yamepanda na siku za kazi zimepungua, ingawa Agosti ilikuwa na wiki mbili kavu zilizomtia hofu kiasi cha kutaka kurudi kwenye 15,000. Hilo la wiki kavu sikulifundisha kabisa. Awamu ijayo hesabu ya bei itakuwa na mstari wa akiba ya mwezi mmoja usio na kazi, ukitengwa na akiba ya kawaida.

Mchoraji wa kanga alikataliwa na mfanyabiashara wake wa zamani, ambaye alimwambia wachoraji wapo wengi. Alikaa wiki tano bila kuuza mchoro. Mfanyabiashara wa pili alikubali ruhusa ya uchapaji mmoja kwa shilingi 4,500, na shilingi 2,000 kwa kila uchapaji utakaofuata. Kanga hiyo imetoka mwezi huu. Malipo ya uchapaji wa pili hayajafika kwa kuwa uchapaji wa pili bado, na tumeandika kwenye kalenda yake tarehe ya kwenda kuangalia madukani.

Awamu ya tatu itaanza Jumanne tarehe 7 Aprili 2026, baada ya Ramadhani na Idi. Kitini kilichorekebishwa kina kurasa saba, na wakili ameshalipwa.